Faini ya ratiba za zamu Seattle: jinsi ya kukata rufaa

Bahasha ya Jiji la Seattle, Marekani, yenye faini ya ratiba za zamu za wafanyakazi wako ikifika, kabla hujaifungua chukua kalamu uandike juu yake tarehe iliyofika na jina la aliyeipokea. Mteja wangu mmoja alipata yake Ijumaa jioni, mgahawa umejaa, akaisukuma chini ya droo ya fedha ili aisome kukipoa. Aliponipigia simu siku 19 zilikuwa zimeshapita. Sikuwa na la kumsaidia. Rufaa ina siku 15 tu tangu kukabidhiwa Amri ya Mkurugenzi, yaani barua ya mkuu wa ofisi ya kazi ya Jiji inayosema umevunja sheria na unadaiwa kiasi gani, na zikipita amri inakuwa ya mwisho.

Mimi si wakili. Kazi yangu ni hesabu za mishahara, na makabrasha ya rufaa nimeyaandaa kwa wenye migahawa na maduka kadhaa, wengi wao watu wa kwetu waliochukua tawi la jina kubwa. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Angalia kama sheria inakugusa

Sheria ya ratiba za zamu ya Seattle ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2017. Inawahusu waajiri wa maduka ya rejareja na wauza chakula wenye wafanyakazi 500 au zaidi duniani kote. Mgahawa wa kukaa na kuhudumiwa mezani lazima pia uwe na matawi 40 au zaidi. Usije na hoja ya "mimi nina watu 14 tu" kama unauza kwa jina la kampuni kubwa, kwa sababu mtandao wote wa jina hilo unahesabiwa. Nimeona watu wakijenga rufaa nzima juu ya hoja hiyo moja. Haifiki mbali.

Hatua ya 2: Amua ndani ya siku 10, si 15

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Amri huwa na mafungu mawili: wanachodai wafanyakazi (malipo yaliyopungua, riba na fidia juu yake), na faini inayokwenda kwa Jiji. Ukiwalipa wafanyakazi stahili zao zote ndani ya siku 10 tangu kukabidhiwa amri, Mkurugenzi anaweza kukusamehe faini yote ya Jiji. Ukilipa ndani ya siku 15, anaweza kusamehe nusu. Baada ya hapo hakuna msamaha. Kumbuka ni "anaweza", si lazima, na ni lazima ulipe zote. Kulipa robo ukaahidi iliyobaki hakukusaidii.

Kwa hiyo hesabu ya hatua ya 3 ifanye wiki ya kwanza. Ukiona unadaiwa kweli sehemu kubwa, ushauri wangu ni ulipe na uachane na rufaa, hata kama moyo unauma. Ukiona Jiji limekosea kwa kiasi kikubwa, endelea.

Hatua ya 3: Piga hesabu upya, mstari kwa mstari

Tengeneza jedwali: mfanyakazi, tarehe, zamu iliyotangazwa, zamu iliyofanyika, siku ya kutangazwa, sababu ya mabadiliko. Kanuni ni hizi. Ratiba itangazwe siku 14 kabla. Ukiongeza saa baada ya hapo, unamlipa mtu saa moja ya ziada juu ya saa alizofanya. Ukipunguza au kufuta, unalipa nusu ya saa alizokosa. Tuseme analipwa dola 22 kwa saa, na zamu yake ya saa 8 umeikata ikawa 5: amekosa saa 3, nusu yake ni saa moja na nusu, yaani dola 33. Ukiifuta zamu yote, ni dola 88.

Kisha kuna kufunga na kufungua. Kati ya zamu ya kufunga na ile ya kufungua ziwepo saa 10. Aliyefunga saa tano usiku akafungua saa kumi na mbili asubuhi kwa hiari yake amepumzika saa 7, hivyo saa 3 za mwanzo za zamu ya asubuhi zinalipwa mara moja na nusu. Angalia kama kwenye hesabu ya Jiji zamu nzima imelipishwa hivyo.

Hatua ya 4: Ushahidi

Mabadiliko mengine hayadaiwi ziada: wafanyakazi wakibadilishana zamu wenyewe, mfanyakazi akiomba mwenyewe kubadilishiwa, au umeme ukikatika mkashindwa kufungua. Lakini lazima uonyeshe. Kumbukumbu unatakiwa uzitunze miaka 3, na usipokuwa nazo inachukuliwa kwamba ulivunja sheria mpaka ulete ushahidi mzito wa kupindua dhana hiyo. "Aliniambia kwa mdomo" haupindui kitu.

Kwa watu wetu, maombi yote yako WhatsApp, tena kwa Kiswahili. Piga picha za skrini zinazoonyesha tarehe na jina, kisha zitafsiriwe. Na hapa pana mtego ambao Mmarekani hawezi kuuona: saa. Msichana aliandika "dada naomba nije saa 12 kesho badala ya saa 2", akimaanisha alfajiri. Mtafsiri akaacha namba zilivyo, ikasomeka adhuhuri na alasiri, ushahidi ukapingana na mashine ya kuingilia kazini iliyoonyesha 6:00. Tulilazimika kuleta maelezo ya ziada ya ukurasa mzima kuhusu saa za Waswahili. Mwambie mtafsiri abadilishe saa, na aandike chini kwamba amebadilisha.

Hatua ya 5: Andika rufaa

Inaandikwa, na inapelekwa kwa Mwamuzi wa Mashauri wa Jiji (Hearing Examiner), si kwa ofisi ya kazi iliyotoa amri. Hizo ni ofisi mbili tofauti. Taja namba ya shauri, ambatanisha nakala ya amri, sema ni mistari ipi unaipinga na kwa nini. Ukurasa mmoja au miwili unatosha. Siku ya 15 ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, una mpaka saa 11 jioni ya siku ya kazi inayofuata, lakini usingoje hapo. Pata uthibitisho kwamba imepokelewa.

Hatua ya 6: Siku ya kusikilizwa

Shauri linasikilizwa upya, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa Mkurugenzi. Usipotokea, unahesabiwa umekosa. Mlete meneja aliyeandika ratiba, maana mwenye mali huwa hajui nani alibadilishana na nani. Ukishindwa hapo, njia iliyobaki ni Mahakama ya Juu ya Kaunti ya King, na kule nenda na wakili.

Muda wote huu usimguse aliyelalamika. Ukimpunguzia saa au kumfukuza ndani ya siku 90 tangu alipodai haki yake, inadhaniwa moja kwa moja kwamba umelipiza kisasi, na utakuwa umejifungulia shauri la pili. Zamu zake ziache kama zilivyo, hata kama mkikutana jikoni mnapishana kimya.