Kabla ya kupandikiza jino ukiwa na kisukari, presha au ugonjwa mwingine wa kudumu

Mwenye kisukari akiuliza habari za jino la kupandikiza, watu humkatisha tamaa upesi: wewe huwezi. Si kweli. Linaloamua ni jinsi sukari yake inavyodhibitiwa. Jino hilo husimama juu ya skrubu ya titani inayopachikwa kwenye taya, nayo haigandishwi kwa gundi. Mfupa wa taya ndio hukua na kuishika, kwa miezi 3 hadi 6, na sukari ikiwa juu muda wote huo mfupa unazembea na usaha hauko mbali. Basi anza na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Madaktari wengi hutaka kiwe chini ya asilimia 8, na kikikaribia 7 ni vizuri zaidi. Kikiwa 10, ahirisha. Pengo halina haraka. Kama ni ganzi ya kawaida, omba miadi ya asubuhi, kunywa chai, kula, na utumie dawa zako kama siku zote.

Presha ikisoma 180 kwa 110, utarudishwa nyumbani ukaitulize kwanza.

Dawa zako usizitaje kwa kichwa. Zibebe zote kwenye mfuko, na za mitishamba pia. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiache kwa uamuzi wake eti fizi zisitoke damu: damu ya fizi huzuiwa kwa nyuzi na kung'ata pamba, lakini damu ikiganda ikapanda kwenye ubongo ni kiharusi. Pima INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, siku moja kabla, na daktari wa meno aongee na daktari wako wa moyo.

Ninalosisitiza kuliko yote ni dawa za mifupa: kidonge cha alendroneti cha mara moja kwa wiki, au dripu ya zoledroniki ya wagonjwa wa saratani. Wengi husahau kuitaja dripu hiyo kwa sababu walichomwa zamani. Dawa hizi hukaa mfupani kwa miaka, na taya likitobolewa linaweza kukataa kupona hadi mfupa ukabaki wazi mdomoni. Aliyepigwa mionzi ya shingo au taya naye aseme.

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine (dayalisisi) apange siku inayofuata dayalisisi, heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda anayopewa huko, ikiwa imeisha mwilini, wala asimeze diklofenaki ya maumivu bila kuuliza. Anayetumia ARV vizuri, virusi vimefubaa, hana sababu ya kunyimwa wala kuficha.

Na ukiambiwa hapana, uliza kuhusu daraja, yaani jino bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, au meno ya kuvaa na kuvua. Hayatoboi mfupa.