Kabla korona haijaingia kwenye nyumba yenye paka au mbwa

Watu wengi wakisikia paka anaweza kupata korona wanakaa kusubiri mafua na kikohozi, na hapo ndo wanapokosea. Kule Uingereza mwishoni mwa 2020 kuingia 2021, wakati ile aina ya korona iliyoitwa Alpha imepamba moto, madaktari wa moyo wa wanyama walianza kupokea mbwa na paka wengi kuliko kawaida wenye miokaditisi, yaani msuli wa moyo umevimba. Walikuja wamelegea, hawataki kula, wanahema juu juu, wengine wanazimia, ila mafua hakuna. Wengi wa wenye wanyama hao walikuwa wameugua wiki 3 mpaka 6 kabla. Baadhi ya wanyama walikutwa na virusi au kingamwili, siyo wote, kwa hiyo uhusiano upo ila usiseme imethibitishwa moja kwa moja. Tena kesi za hivi ni chache, usianze kumuogopa paka wako, mara nyingi sisi ndo tunawaambukiza wao.

Cha kwanza, na kwangu mimi ndo kikubwa kuliko vyote, jua anavyohema akiwa mzima. Subiri alale fofofo, siyo akikoroma kwa raha ukimkuna, angalia ubavu, ukipanda na kushuka hiyo ni moja, hesabu kwa sekunde 30 halafu zidisha mara mbili. Andika kwenye simu, rudia siku tatu nne hivi. Wengi wanakuwa chini ya 30 kwa dakika, sasa siku ukikuta imevuka hapo na haishuki, mpigie daktari. Paka akihema mdomo wazi au miguu ya nyuma ikalegea ghafla na kuwa ya baridi, usihesabu chochote, kimbia, hiyo inaweza kuwa damu imeganda ikaziba mshipa.

Namba ya daktari anayepokea usiku iwe kwenye simu kabla, na kapu la kumbebea liwe linajulikana liko wapi (la kwangu lilikuwa juu ya kabati limejaa nguo, nilijua siku naharakisha). Tafuta pia mtu wa kumlisha ukiugua, ukikosa basi vaa barakoa, nawa mikono, na mambo ya kubusiana na kulala naye acha kwa muda.

Dawa zako weka mbali. Panadol inaua paka, hata kidonge kimoja, na ibuprofen nayo hapana. Usimpake sanitaiza wala dawa ya kusafishia sakafu, atajilamba. Na ile chanjo ya korona ya mbwa iliyokuwepo toka zamani ni ya virusi vingine vya tumbo, haizuii hii.

Ukipiga simu kliniki sema mapema kama nyumbani kuna mtu aliugua na ni lini, maana bila hiyo daktari anaweza asifikirie kupima moyo, na kama bado unaumwa mpe mtu asiyeumwa ampeleke.