Habari za wahitimu: namna ya kuzikusanya na kuzihakiki

Jarida la Baraza la Masajili, yaani jumuiya ya wahitimu wa chuo, likifika, watu hufungua kwanza ukurasa wa habari za wahitimu. Ukurasa huohuo ndio unaoleta simu za malalamiko, na karibu zote huhusu jina, mwaka au cheo. Kuandika habari moja ni kazi ya dakika kumi na tano. Kuihakiki kwaweza kula siku mbili, kwa hiyo funga kupokea habari wiki sita kabla ya jarida kwenda kiwandani kuchapwa.

Tengeneza fomu ya mtandaoni yenye maswali manane, yasizidi: majina matatu kama yalivyo kwenye cheti, jina linalotumika sasa, shahada, mwaka wa mahafali, habari yenyewe, tarehe ilipotokea, simu ya kuhakiki, na kisanduku cha ridhaa. Hicho cha mwisho si pambo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya na Uganda zilitunga za kwao mwaka 2019. Pongezi zilizobandikwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa hazihesabiki kuwa ridhaa ya anayepongezwa. Fomu mpe CR (mwakilishi wa darasa) wa kila mwaka aisambaze mwenyewe. Ukiitupa kwenye kundi la watu mia nne, kila mmoja atasubiri mwenzake ajaze.

Kwenye jina, kosa la kawaida ni kuandika la ndoa peke yake. Wenzake wa darasani hawatamtambua, na ofisi ya udahili haitamwona kwenye rejesta. Weka yote mawili.

Mwaka ni mwaka wa mahafali, si wa kuanza chuo. Usiukisie kwa kuhesabu miaka mitatu kutoka kidato cha sita. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, watu walitakiwa kupita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na kazini kabla ya kuingia chuo kikuu. Na mwaka 1990 Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilifungwa kwa miezi kadhaa, kalenda ikavurugika. Mtu mwenyewe akisitasita, muulize mahafali ya ngapi na duru ipi, kisha linganisha na kitabu cha mahafali.

Tazama pia shahada ilitolewa na chuo gani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kilisimama peke yake Julai 1970. Kabla ya hapo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Wahitimu wa Makerere wa miaka ya 1950 wana shahada za Chuo Kikuu cha London. Aliyehitimu shahada ya kilimo Morogoro kabla ya Julai 1984 hana cheti cha SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), ana cha UDSM, na daktari wa Muhimbili wa miaka ya 1990 vilevile. Andika hivi: (MD, UDSM – Muhimbili, 1994). Asiyeona maelezo hayo atadhani mmekosea chuo.

Kwenye cheo ndiko kwenye mtego mkubwa. Mkeka, yaani orodha ya uteuzi wa serikali, ukitoka usiku, asubuhi makundi yote yanapongeza, na mhariri mwenye haraka anaandika "ni Katibu Tawala". Tofautisha ameteuliwa, ameapishwa, amekaimishwa. Neno "kaimu" usilifute hata mhusika akiomba. Siku moja kabla ya kuchapa, pitia tena majina yote ya wateule, maana utenguzi nao hutoka usiku.

Vyeo vya taaluma vina masharti yake. Mwenye LLB si wakili mpaka aandikishwe kwenye orodha ya mawakili. Mwenye shahada ya uhandisi haandikwi "Mhandisi" mpaka asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Profesa Mshiriki si Profesa, hata kama ofisini kwake wote humwita Prof. Shahada ya uzamivu ya heshima iandikwe kuwa ni ya heshima, na isimpe mtu "Dkt." kwenye safu yenu. Atakayenuna mwonyesheni utaratibu wenu ulioandikwa. Kama haupo, uandikeni kabla hajapiga simu.

Habari moja isizidi maneno 60. Iliyoletwa: "Mwenzetu mpendwa na mchapakazi hodari Fulani amepanda ngazi kubwa sana benki." Iliyohaririwa: "Fulani (BCom 1998) amekuwa Meneja wa Tawi la Mwanza tangu Machi. Kabla ya hapo alikuwa mkaguzi wa ndani kwa miaka sita." Sifa zimetoka, mahali na wakati vimeingia. Ndoa na watoto mstari mmoja unatosha. Tajeni mtoto bila shule wala mtaa.

Tanzia zihakikiwe na watu wawili wasiotegemeana: mmoja wa familia, mwingine wa kazini, kanisani au msikitini. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi hautoshi, kwani mara nyingine aliyefariki ni ndugu mwenye jina la ukoo lilelile. Andika "amefariki dunia", tarehe na mahali alipozikwa. Sababu ya kifo iacheni isipokuwa familia imeomba. Namba ya simu ya rambirambi msiichape kabisa. Matapeli hubadilisha tarakimu mbili na kuisambaza upya.

Picha ya upana wa sentimita 8 inahitaji pikseli 945 hivi ili isichapwe ukungu. WhatsApp huibana picha, basi mwombe mhitimu aitume kama faili au kwa barua pepe. Chini ya picha ya kundi, taja majina kuanzia kushoto, waliosimama kwanza, na mpe mmoja wao asome kabla haijaenda kiwandani.

Kosa likipita, masahihisho yatoke toleo linalofuata, ukurasa uleule, kwa ukubwa uleule wa herufi.