Saa 72 za kwanza: kumpokea aliyebakwa katika hospitali ya Bukavu

Akifika, usimtume kwanza kaunta ya malipo wala polisi. Matibabu hayangoji karatasi ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka). Mwingize chumba chenye mlango unaofungwa na uombe ridhaa yake kwa kila hatua. Akikataa kuchunguzwa sehemu za siri, dawa anapewa vilevile.

Uliza saa ya tukio. Zikiwa hazijapita saa 72, anza kinga ya virusi vya UKIMWI: tenofoviri mg 300, lamivudini mg 300 na dolutegraviri mg 50, mara moja kwa siku, siku 28. Vifaa vya kupimia vimeisha? Dozi ya kwanza isingoje. Anayemeza rifampisini kwa kifua kikuu huongezewa dolutegraviri mg 50 kila siku, saa 12 baada ya dozi ya kawaida, jambo rahisi kusahau. Anayetoka mbali, kama Kalehe au Walungu, mpe dawa za siku zote 28. Nauli ya kurudi kila wiki ataitoa wapi?

Kuzuia mimba: levonogestreli mg 1.5, dozi moja, hadi saa 120 tangu tukio. Akitapika kabla saa 2 hazijapita tangu ameze, arudie. Kisha antibiotiki za magonjwa ya zinaa na chanjo ya hepatitisi B. Ya pepopunda kama kuna jeraha.

Kwenye cheti cha daktari andika unachokiona: "mchubuko sentimita 3, paja la kushoto, ndani". Kukosa jeraha hakuthibitishi kwamba hakubakwa. "Kipimo cha bikira" usikifanye hata parke ikikiomba: hakina msingi wa kitabibu. Picha zisikae kwenye simu yako.

Mimba ikitokea, mweleze kwamba Protokali ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, iliyochapishwa katika Gazeti Rasmi la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2018, inaruhusu kuitoa kitabibu.