Kuendesha baiskeli kando ya Nile: kutoka Njeru hadi maporomoko ya Kalagala

Bonde la Nile kati ya Jinja na Kayunga, nchini Uganda, lina barabara nzuri sana kwa baiskeli, ila si zote, na si kila saa. Ukitoka Jinja saa nne asubuhi kuelekea Kamuli, utakula vumbi na upepo wa malori ya miwa njia nzima. Ukitoka Njeru alfajiri, ng'ambo ya pili ya mto huohuo, wengi utakaokutana nao ni watu wanaokwenda shamba na baiskeli zilizobeba ndizi na madumu ya maji. Ndiyo maana safari hii hupangwa kwa kuanza na ukingo wa mto na saa ya kuondoka. Baiskeli yenyewe hufuata baadaye.

Ukingo wa kuchagua

Nile hutoka Ziwa Viktoria hapo Jinja na kuelekea kaskazini. Mashariki ni Busoga, magharibi ni Buganda. Upande wa magharibi umepitiwa na barabara ya lami ya Mukono–Kayunga–Njeru, yenye urefu wa kilomita 94. Kipande cha kutoka Njeru kwenda Kangulumira ndicho tunachompendekeza mtu anayeanza: lami, mashamba ya mananasi na kahawa pande zote, na vituo vidogo vya biashara vilivyo karibu karibu, kiasi kwamba hutakosa maji wala fundi. Ukifika Kangulumira unaiacha lami, unakunja kulia na kushuka kwa murramu (barabara ya changarawe nyekundu isiyo na lami) hadi maporomoko ya Kalagala. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 60.

Upande wa mashariki, njia ya murramu inayopitia Bujagali na Budondo hadi Itanda ina utulivu mkubwa zaidi. Itanda inatazamana na Kalagala, mto ukiwa katikati. Njia hiyo iwekee siku kavu na tairi pana. Usiende Bujagali ukitegemea kuona maporomoko: yalifunikwa na maji ya bwawa mwaka 2011, na mtambo wa umeme wa megawati 250 ukaanza kazi mwaka 2012. Maji ya kutazama sasa yako Kalagala na Itanda.

Jambo moja huwashangaza wageni wa bonde hili. Kwenye ramani barabara inafuata mto, kwa hiyo mtu anatarajia tambarare. Kumbe barabara imepita juu ya migongo ya vilima, na kila kijito kinachoshuka kuingia Nile kimekata bonde lake. Utashuka, utavuka kijito, utapanda, kisha yale yale tena. Milima ni mifupi lakini inasimama ghafla. Giya ndogo kabisa iwe na meno 34 mbele na 32 nyuma, au nyepesi zaidi ya hapo. Badilisha giya ukiwa bado unateremka. Ukingoja hadi miguu ielemewe, cheni itagoma kuhama au itaruka nje.

Kufika na kuondoka

Kutoka Kampala usije kwa baiskeli kwenye barabara kuu ya Jinja. Ni nyembamba, ina malori ya mizigo ya kwenda na kutoka mpaka wa Kenya, na ndani ya msitu wa Mabira hakuna pa kukimbilia lori linapolipita lingine. Panda teksi, yaani basi dogo la abiria. Patana nauli ya baiskeli kabla haijapandishwa juu, toa gurudumu la mbele, na uilaze upande usio na giya. Funga kamba kwenye fremu. Ikifungwa kwenye spoki gurudumu hupinda. Shuka Njeru kabla ya kuvuka mto, na safari yako ianzie hapo. Madaraja na mabwawa ya umeme yanalindwa na askari: simu ikae mfukoni na usisimame kupiga picha.

Jua huchomoza karibu saa 12:40 asubuhi, na mwaka mzima tofauti ni kama nusu saa tu. Ondoka mwanga ukishatosha kuona mashimo. Kwenye lami kadiria kilomita 20 kwa saa, kwenye murramu 12 hadi 14. Ukiondoka saa 12:45 utakuwa Kalagala kabla ya saa tatu, na Njeru tena kabla ya saa sita, hata ukipumzika vizuri.

Hiyo saa sita ina sababu yake. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, na hewa ya ziwani huanza kuvuma kuelekea bara, yaani kutoka kusini. Nawe wakati wa kurudi unaelekea kusini. Anayechelewa hupigwa na upepo wa uso kilomita zote za mwisho, miguu ikiwa imeshachoka. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mchana ndio wakati wa radi. Radi ikianza usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Endelea hadi kituo cha biashara kilicho karibu na uombe kuingia ndani ya duka.

Tairi, na hapa usifanye haraka

Safari nyingi huharibikia kwenye tairi. Kwa njia ya Kalagala tumia upana wa milimita 35 hadi 40. Mtu wa kilo 70 aweke presha ya psi 45 mbele na 50 nyuma. Ukiwa na tairi ya milimita 25 unaweza kufika Kangulumira kwa lami, kwa psi 85 hadi 90, lakini murramu ya Kalagala itakurusha kwenye kila wimbi la barabara, na jiwe likibana tyubu dhidi ya rimu utapata matundu mawili yaliyopangana kama alama ya meno ya nyoka. Ukiona matundu ya namna hiyo, kosa ni presha ndogo. Mwiba hauna lawama.

Madukani utauziwa tairi ya "28". Hiyo ni ya baiskeli za mizigo, na rimu yake ina kipenyo cha milimita 635. Baiskeli za barabarani za 700C zina milimita 622. Tairi ya 635 itavaa kwa urahisi kisha itachomoka ukiijaza upepo. Soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi kabla hujatoa pesa.

Valvu nazo zinatofautiana. Baiskeli nyingi za barabarani zina valvu nyembamba yenye kichwa cha kufungua kwa vidole, na mashine ya upepo ya kituo cha mafuta haiwezi kuishika. Nunua kiungo kidogo cha shaba cha kuibadilisha, ukiache kimefungwa kwenye valvu moja ili kisipotee. Pampu ya fundi wa kijijini, inayotumika kwa baiskeli za mizigo, kwa kawaida hukubali valvu hiyo nyembamba moja kwa moja.

Beba tyubu mbili, viraka sita, solusheni mpya ambayo haijafunguliwa (iliyofunguliwa hukauka ndani ya mfuko), vyuma viwili vya kutolea tairi, pampu, spoki mbili za urefu kamili wa gurudumu la nyuma, na kipande cha tairi kuukuu cha upana wa vidole viwili. Kipande hicho huwekwa ndani pale ubavu wa tairi unapokatwa na jiwe, la sivyo tyubu hutokeza kama puto na kupasuka.

Ukipata pancha, sogea nje kabisa ya lami. Kabla ya kutoa tyubu, weka alama kwenye tairi pale valvu ilipo. Jaza tyubu upepo, isogeze karibu na mdomo au shavu hadi uhisi hewa inapotoka, kisha ipime dhidi ya alama ile: utajua ni sehemu gani ya tairi imeficha mwiba. Pitisha kidole ndani ya tairi polepole, pande zote mbili za kuzunguka. Mwiba hukatika na kubaki umezama ndani ya mpira, hauonekani kwa nje, na tyubu mpya itatobolewa palepale baada ya kilomita mbili. Ukiuhisi, usukume kutoka nje kwa ncha ya bisibisi na uuvute kwa ndani.

Sasa kiraka. Futa vumbi jekundu kwa kitambaa chenye maji, ukaushe, kwaruza mpira hadi uache kung'aa. Paka solusheni nyembamba, pana kuliko kiraka, na usubiri dakika tano hadi ing'are kidogo tu na isinate kwenye kidole. Hapo ndipo watu wanapoharibu: wanabandika ikiwa mbichi, kiraka kinateleza presha ikipanda. Kiraka cha kukatwa kwenye tyubu kuukuu kinafaa baiskeli ya mizigo yenye presha ndogo. Kwenye psi 80 kitaachia.

Barabarani

Endesha kushoto, karibu nusu mita kutoka ukingo wa lami. Ukingo umeliwa sehemu nyingi, na kati ya lami na udongo kuna ngazi inayoweza kukamata gurudumu la mbele. Lori likikuja nyuma na lingine mbele, shuka kwenye udongo mapema na kwa pembe kali, usisubiri kusukumwa. Wakati wa kurudi kwenye lami pia panda kwa pembe, si kwa kulisugua tairi ubavuni.

Bodaboda wengi huzima injini kwenye mteremko kuokoa mafuta, hivyo hutasikia kitu hadi akupite. Angalia nyuma kabla ya kukwepa shimo. Mihogo, mahindi na kahawa huanikwa pembezoni mwa lami; ni chakula na fedha ya mtu, zunguka. Kila kituo cha biashara kina matuta, na mengine hayana rangi.

Mwendesha baiskeli wa mizigo hawezi kukupisha haraka, maana akiyumba mzigo unamwangusha. Piga kengele ukiwa mbali, salimia kwa Kiganda, "wasuze otya ssebo" (umeamkaje bwana), kisha mpite kwa kulia kwa nafasi ya kutosha.

Chakula hakina shida: rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), ndizi za kuchoma, mananasi ya Kangulumira. Maji beba lita mbili na unywe nusu lita hadi robo tatu kila saa. Kalagala usiingize miguu kwenye maji yaliyotulia pembeni, hata kama yanavutia baada ya joto: konokono wa kichocho hukaa hapo, na mdudu hupenya ngozi ndani ya dakika chache.

Baada ya kurudi

Vumbi la murramu likichanganyika na mafuta husaga cheni. Ifute kwa kitambaa kikavu kwanza, paka mafuta mepesi tone moja kwa kila kiungo, zungusha pedali, kisha futa yote yaliyobaki nje. Mara moja kwa mwezi ipime kwa rula: viungo 24 vya cheni mpya huchukua inchi 12 kamili, kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ile ya 25. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni. Ikiachwa hadi izidi kwa 1/8, itabidi ununue na giya za nyuma, kwa sababu meno yake yameshalika kufuata cheni iliyorefuka, na cheni mpya itakuwa ikiruka juu yake kila unapokanyaga mlimani.