Mavi ya ng'ombe malishoni yatawanyeni

Wafugaji wenzangu wa Magu na Misungwi, hebu angalieni malisho yenu vizuri, chini ya bonge la mavi nyasi zinakosa mwanga zinageuka njano zinakufa, ila pembeni yake kuna duara la nyasi za kijani zimeshiba kabisa maana mbolea imeshuka pale, sasa tatizo ng'ombe hawazigusi sababu ya harufu, wanazikwepa wiki na wiki mpaka zinakomaa zinakuwa ngumu. Ukishawahamisha chukua reki au jembe uyapasue uyasambaze, jua likiwa kali ndo poa zaidi minyoo iliyomo kwenye mavi inakauka, ila kipindi cha mvua haikauki vizuri, lazima upumzishe eneo kwanza kabla hujawarudisha ng'ombe. Na wale dundu wanaobingirisha mavi msiwaue jamani, wanaingiza mbolea ardhini bure.