Namna ya Kuomba Ufadhili wa Lester B. Pearson wa Chuo Kikuu cha Toronto kwa Mwanafunzi Kiongozi

Ufadhili wa Lester B. Pearson hutolewa na Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada kwa wanafunzi wa kigeni wanaoanza shahada ya kwanza, na kila mwaka huwapata wanafunzi wapatao 37 kutoka pande zote za dunia. Jina lake ni la mwanadiplomasia aliyesoma chuoni hapo, akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1957 kwa mchango wake katika kutuliza mgogoro wa Suez, kisha akawa Waziri Mkuu wa Kanada kuanzia mwaka 1963 hadi 1968. Ufadhili hulipia ada ya masomo, vitabu, michango mingine inayotozwa na chuo, pamoja na malazi, kwa miaka minne. Mwongozo huu umeandikwa hasa kwa mwanafunzi wa kidato cha sita nchini Tanzania, ingawa sehemu kubwa yake inamfaa pia mwenzake wa Kenya au Uganda.

Jambo la kwanza la kufahamu, ambalo wengi hulijua muda ukiwa umekwisha, ni kwamba mwanafunzi hawezi kujipendekeza mwenyewe. Ni lazima shule yake impendekeze, na kila shule inaruhusiwa kupendekeza mwanafunzi mmoja tu. Mapendekezo ya shule, maombi ya kujiunga na chuo na fomu ya ufadhili ni hatua tatu tofauti zenye tarehe tofauti, ambazo katika miaka ya karibuni zimekuwa zikiangukia kati ya Oktoba na Novemba. Tarehe hizo hubadilika, kwa hiyo zitazamwe katika tovuti ya chuo chenyewe na si katika ujumbe unaosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania, ratiba hiyo ina faida yake. Kidato cha sita huanza Julai na mtihani wa taifa hufanyika Mei, kwa hiyo anayeomba Oktoba akiwa darasani huwa na nafasi ya kumaliza, kupata matokeo yake Julai na kuanza chuo Septemba bila kukaa nyumbani mwaka mzima. Ufadhili huu unawahusu walio katika mwaka wa mwisho wa sekondari, au waliomaliza muda mfupi kabla ya hapo na hawajaanza masomo ya chuo kingine. Aliyekwisha kumaliza asikisie. Aiulize ofisi ya ufadhili kwa barua pepe, akitaja mwezi aliofanya mtihani na mwezi matokeo yalipotoka.

Kwa kuwa nafasi ni moja, mchujo wa kwanza hufanyika shuleni kabla Toronto haijaona jina la mtu yeyote. Mwanafunzi makini huanza kuzungumza na mwalimu wa taaluma mwishoni mwa kidato cha tano, kisha humwandikia mkuu wa shule barua rasmi fupi inayoeleza ufadhili ni upi, shule inatakiwa kufanya nini, mwisho wa mapendekezo ni lini, na kwa nini anadhani anafaa. Wakuu wengi wa shule hawajawahi kuusikia ufadhili huu, na barua inayomwachia mkuu kazi ya kwenda kutafuta maelezo mwenyewe huishia kwenye jalada. Maelezo ya chuo yachapishwe na kuambatanishwa. Mzazi asitangulizwe mbele, hata kama anafahamiana na mkuu wa shule, kwa sababu walimu wanaombwa kushuhudia uongozi wa mwanafunzi, na uongozi unaoanza kwa kubebwa hushuhudiwa kwa shingo upande. Kama wapo wanafunzi wawili au watatu wanaostahili, njia ya haki ni kuomba kikao cha walimu kiamue, na anayekosa akubali mapema ili shule isije ikapitwa na tarehe kwa sababu ya ubishi.

Ipo pia shida ndogo ambayo huharibu mambo makubwa, nayo ni barua pepe. Mawasiliano ya mapendekezo hupitia kwa mtumishi wa shule, na shule nyingi zina anwani ambayo hakuna anayeifungua wakati wa likizo. Ni vizuri kukubaliana na mwalimu mmoja atakayekuwa akisoma ujumbe kila siku, na kumkumbusha kwa adabu.

Baada ya kupendekezwa, mwanafunzi huomba kujiunga na chuo kama mwombaji mwingine yeyote. Toronto ina kampasi tatu, yaani St. George katikati ya jiji, Mississauga na Scarborough, na programu zake hutofautiana kutoka kampasi moja hadi nyingine. Programu ichaguliwe kwa kulinganisha masharti yake na tahasusi ya mwombaji. Anayesoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) asiombe uhandisi kwa matumaini tu. Maombi haya yana ada inayolipwa kwa kadi, na chuo kinaweza kudai mtihani wa Kiingereza kama IELTS au TOEFL kulingana na historia ya masomo ya mwombaji. Fedha hizo zitafutwe mapema.

Kuhusu matokeo, shule zetu hazina mazoea ya kutoa makadirio ya alama, na mtihani wa utamilifu wa kidato cha sita hufanyika maombi yakiwa yamekwisha kufungwa. Mwombaji atategemea cheti cha kidato cha nne na taarifa za maendeleo za kidato cha tano, kwa hiyo amwombe mwalimu wa taaluma azikusanye, azipige muhuri na aeleze kwa Kiingereza maana ya madaraja yetu. Ikiwa chuo kitataka makadirio, walimu wa masomo wayatoe kwa kutazama mwenendo halisi wa mwanafunzi, bila kumpandisha kwa huruma.

Sasa tufike kwenye insha ya fomu ya ufadhili, mahali ambapo waombaji wetu wengi hupotea. Vigezo vya ufadhili huu ni ufaulu wa hali ya juu, ubunifu, na uongozi, na mkazo wa pekee umewekwa kwenye mabadiliko ambayo mwanafunzi ameyaleta katika shule na jamii yake. Umaskini si mojawapo ya vigezo vilivyotajwa. Mwanafunzi aliyezoea kuandika barua za kuomba msaada hujaza ukurasa mzima kwa historia ya shida za nyumbani, akasahau kusema alichokifanya. Shida itajwe pale tu inapoeleza kitendo.

Cheo nacho hakitoshi. Sentensi isemayo “nilikuwa kaka mkuu na niliwaongoza wanafunzi wenzangu kwa bidii” haimwambii msomaji lolote, kwa sababu kila shule duniani ina mtu wa namna hiyo. Tuchukue mfano wa kubuni wa kiranja wa maji katika shule ya bweni ambako wasichana wa kidato cha tano huamka usiku wa manane kupanga ndoo bombani. Akiandika kwamba alihesabu ndoo kwa wiki mbili, akagundua kwamba foleni husababishwa na mabweni matatu kuchota kwa wakati mmoja, akapanga zamu, akapingwa na dada wakubwa waliozoea kupita mbele, akazungumza nao, akabadili zamu mara ya pili, na hatimaye wadogo wakaweza kulala hadi alfajiri, basi ameonyesha uchunguzi, ubunifu, ujasiri na matokeo bila kutumia hata neno moja kati ya hayo. Kwa maoni yangu, kiranja huyu ana nguvu kuliko kaka mkuu wa makaratasi. Katika kuandaa insha, mwombaji aandike kwanza orodha ya mambo ambayo yasingetokea shuleni kama yeye asingekuwepo, kisha achague moja au mawili na kuyaeleza kwa kina. Mwalimu anayeandika kuhusu mwombaji naye aelezwe mambo hayohayo, ili maneno yake na insha vishikane. Kisa cha kubuni au insha iliyoandikwa na mtu mwingine haifai kabisa, maana shule yenyewe ndiyo shahidi.

Anayepata ufadhili bado ana gharama zake. Nauli ya ndege haimo katika orodha ya vinavyolipiwa. Kibali cha kusoma Kanada hugharimu dola 150 za Kanada, na alama za vidole na picha huongeza dola 85. Tangu mwaka 2024 mwanafunzi wa shahada ya kwanza huhitaji pia barua ya uthibitisho kutoka jimbo anakokwenda kusoma, ambayo huipata kupitia chuo. Pasipoti ishughulikiwe mapema, na kama jina katika cheti cha kuzaliwa linatofautiana na la cheti cha kidato cha nne hata kwa herufi moja, marekebisho yaanze kabla ya kujaza fomu ya kwanza.